Sakafu ya Mbao Isilete Baridi

Huku kwetu Kinangop usiku wa Julai ni mkali. Ikiwa nyumba yako ina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya simiti, baridi hupanda kutoka chini na watoto hukohoa. Mimi nilidhani dawa ni rahisi: nikaziba kwa udongo matundu ya ukutani yaliyo chini ya sakafu. Baada ya masika mawili mbao zikaoza, na mguu wa mama ukatumbukia.

Basi usifanye kama mimi. Matundu hayo hupitisha hewa ikaushayo unyevu. Yaache wazi, uyatie wavu wa kuzuia panya.

Ng'oa mbao za sakafu. Pigilia fito ubavuni mwa boriti, na juu ya fito ulaze vipande vya plastiki nyeupe nyepesi, kama ile inayofungiwa televisheni mpya. Vikazane pasipo nafasi, tena viguse mbao utakaporudishia. Visiguse waya za stima. Ukivilaza chini juu ya simiti, upepo utapita katikati na kazi yako itakuwa bure.

Kumbuka mawili: joto lizuiwe juu, hewa ipite chini.