Karatasi Sita Katika Sanduku la Bati

Mwezi uliopita tulikuwa wageni katika nyumba moja mjini Mashuuru, kaunti ya Kajiado, mahali ambapo siku ya soko la mifugo vumbi huonekana kabla ya ng'ombe wenyewe. Wenyeji wetu ni watu wa asili ya Lamu waliohamia huko kwa biashara ya duka, na watoto wao husema Kimaasai vizuri kuliko Kiamu. Baada ya chakula, mama mwenye nyumba alituletea sanduku la bati la marehemu nyanya yake. Mlikuwamo kanga mbili, tasbihi, na karatasi sita zilizokunjwa, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

"Twazihifadhi kwa kuwa twaogopa kuzitupa," akasema. "Twadhani ni dua."

Hazikuwa dua. Zilikuwa barua, na lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Huenda nawe, ndugu msomaji, unazo karatasi kama hizo. Kabla ya herufi za Kilatini kuenea kwa njia ya shule, watu wa pwani yetu waliandika Kiswahili kwa herufi walizojifunza chuoni pamoja na Qur'ani. Utendi wa Tambuka uliandikwa hivyo huko Pate mwaka 1728. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa kiongozi wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Hakuwa na mpiga chapa. Maneno yake yaliishi kwa kunakiliwa kwa mkono na kusomwa majumbani, miaka mingi kabla Alice Werner na William Hichens hawajayatoa kitabuni nchini Uingereza mwaka 1934.

Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yangezikwa pamoja na waliomsikia, lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingeyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Leo miswada ya namna hiyo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika chuo cha SOAS, London. Lakini wasomi hawakuwahi kubisha hodi Mashuuru.

Basi nani angezisoma zile barua? Mama mwenye nyumba alisoma shule, hakuzoea hati ya mkono ya Kiarabu. Binti yake wa miaka kumi na mitatu amehitimu juzuu kadhaa madrasa, ila hakupata kuambiwa kwamba herufi zile zaweza kubeba Kiswahili. Tukamketisha karibu na dirisha, akaanza.

Ugumu ulijitokeza mara moja. Kiarabu hakina herufi ya "p", wala ya "ch", kwa hivyo waandishi wengi wa zamani walitumia "ba" mahali pa "p" na "shin" mahali pa "ch". Tena Kiarabu kina irabu tatu, nasi tunazo tano. Kasra moja yaweza kuwa "i" au "e". Msomaji sharti aijue lugha kabla ya kuisoma. Binti akasoma kwa taratibu: "biti ya fedha." Akarudia, "biti." Hakuielewa.

Mama yake aliyekuwa akikunja mkeka akasimama. "Pete! Pete ya fedha!"

Tangu hapo walisoma wawili, mtoto akitamka herufi na mama akitafuta neno. Ilikuwa barua ya mama kwa binti aliyeolewa mbali. Katikati ya salamu alimkumbusha kwamba pete ya fedha aliyokwenda nayo ni amana ya jirani yao, si mali yake, na airudishe atakapopata msafiri mwaminifu. Jina la jirani lilitajwa, na mtaa wake.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Pete ile wanaijua. Imevaliwa katika harusi tatu za nyumba hiyo. Sasa baba wa nyumba amewapigia simu jamaa zake Lamu ili wawatafute warithi. Dini yetu ilituamuru kuandikiana deni, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Marehemu yule alitimiza wajibu wake wa kuandika. Sisi ndio tuliokosa kusoma.

Kwa hivyo twawasihi akina mama na akina baba: fungueni masanduku. Zitoeni karatasi kwa mikono mikavu, msizibandike kwa gundi wala utepe. Zipigeni picha kwa simu, mbele na nyuma, kama vile miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilivyopigwa picha ili isipotee. Ziwekeni pakavu, mbali na mchwa. Kisha mketisheni pamoja mtoto wa madrasa na mzee anayekumbuka maneno ya kale, kwani mmoja ana herufi na mwingine ana lugha.

Mashuuru zimebaki barua tano. Binti amesema atasoma moja kila Ijumaa baada ya Alasiri, na mama yake ameahidi kuwa karibu.