Mzoga wa Kuku na Biwi la Mboji

Jengo la soko la Darajani, katika Mji wa Zanzibar, lilijengwa mwaka 1904. Kwa vizazi kadhaa matenga ya kuku hai kutoka mashamba ya Unguja yameteremshwa hapo, kwani mnunuzi hutaka kuwa na hakika kwamba kuku aendaye jikoni kwake amechinjwa, wala si kibudu. Lakini si kila kuku anayefugwa hufika sokoni. Katika kila banda wako wanaokufa kwa maradhi, kwa joto au kwa kusongamana. Ugonjwa wa mdondo, uitwao pia kideri, ambao wataalamu waliutambua mwaka 1926, waweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kibudu hakiliwi wala hakiuzwi. Je, mfugaji akifanyie nini?

Njia tatu za zamani

Njia ya kwanza ni kutupa mzoga porini na kuwaachia ndege na wanyama. Zanzibar inayo historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kunguru waliletwa kutoka India ili wale taka za mji. Taka hazikwisha. Waliozidi ni kunguru, wakawa wezi wa vifaranga na wa mayai ya ndege wenyeji, kisha wakaenea hadi pwani ya bara. Kunguru adonoaye mzoga wenye maradhi aweza kuangusha vipande vyake penye banda la jirani.

Njia ya pili ni kuzika. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni nchi ya maweni, ambako udongo ni haba juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana nyufa na mapango. Katika pango la Mangapwani, kaskazini ya mji, maji baridi huonekana chini ya ardhi. Maji ya mvua hupenya nyufa hizo upesi, bila ya kuchujwa vema. Mzoga uliozikwa humo hukosa hewa, huoza polepole, na majimaji yake huweza kushuka hadi kwenye maji yale yale yanayotekwa visimani.

Njia ya tatu ni kuchoma. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa kuku ni maji, kuni nyingi zahitajika kwanza kuyakausha maji hayo. Moto ukiwa hafifu, mzoga huungua nje tu, na ndani hubaki mbichi.

Kazi ya vijidudu

Njia ya nne ni kuugeuza mzoga kuwa mboji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliichunguza kwa manufaa ya wafugaji wa kuku, na baadaye ikatumiwa pia kwa mifugo mikubwa.

Msingi wake ni lishe ya bakteria na kuvu. Viumbe hivi huhitaji kaboni ili kupata nguvu, na nitrojeni ili kujenga miili yao. Hustawi zaidi panapokuwa na kaboni kiasi cha sehemu 30 kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Mzoga wa kuku una sehemu 5 hivi tu za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Nitrojeni inayozidi hutoroka ikiwa hewa ya amonia, yenye harufu kali. Kwa hiyo biwi linalonuka aghalabu ni biwi lenye njaa ya kaboni au lililokosa hewa. Unga wa mbao, kinyume chake, una kaboni mamia ya sehemu kwa 1 ya nitrojeni. Vitu hivi viwili vikikutanishwa, kila kimoja hujaza upungufu wa mwenzake.

Bakteria wanapokula wakiwa na hewa ya oksijeni hutoa joto. Biwi kubwa hulihifadhi joto hilo, hata jotoridi la ndani likafika nyuzi 55 hadi 65 za Sentigredi. Virusi vya mdondo huangamia katika nyuzi 56 kwa muda wa saa tatu.

Namna ya kulijenga biwi

Mahali pawe pameinuka, mbali na kisima, na sakafu iwe ngumu. Paa la makuti hukinga mvua za masika. Chini hutandazwa tabaka la sentimita 30 la makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, unga wa mbao, makapi ya mpunga au matandiko makavu ya banda. Mizoga hupangwa juu yake kwa safu moja, bila kugusana, sentimita 20 au zaidi kutoka ukingoni. Kisha hufunikwa kabisa kwa vitu hivyo hivyo. Tabaka la juu kabisa liwe nene, ili harufu isiwaite kunguru, paka na nzi.

Unyevu hupimwa kwa mkono: fumba moja likikamuliwa liloweshe kiganja bila kudondosha maji. Jotoridi likishuka, baada ya wiki mbili au tatu, biwi hupinduliwa ili lipate hewa, nalo hupanda joto tena. Nyama ya kuku huisha kwa wiki chache. Ng'ombe mzima huhitaji miezi sita au zaidi, juu ya tabaka la sentimita 60. Mifupa mikubwa hubaki, lakini huwa myepesi kuvunjika.

Mipaka yake

Joto la biwi haliui kila kitu. Mbegu za bakteria wa kimeta hustahimili joto hilo. Mnyama anayeshukiwa kufa kwa kimeta asipasuliwe, kwani bakteria wakikutana na hewa ndipo wanapofanya mbegu hizo. Afisa wa mifugo aitwe mara moja. Aitwe pia kuku wengi wanapokufa kwa ghafla. Mboji iliyopatikana ifaa kwa migomba na miti, wala si kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Shuleni, kanuni hii yaweza kuthibitishwa bila ya mzoga wowote. Wanafunzi wajenge mabiwi mawili ya majani makavu na kinyesi cha kuku, moja la urefu wa mita moja na jingine la sentimita 30, kisha wapime jotoridi la katikati kila siku kwa wiki mbili. Biwi dogo litapoteza joto lake hewani, kubwa litalihifadhi. Hapo wataona kwa nini mfugaji anayefunika kibudu kwa makumbi machache amekificha tu, na anayejenga biwi kamili amekilinda kisima chake na cha jirani.