Henry Lewis na mzigo wa kuwa wa kwanza

Kwetu kondakta ni yule anayening'inia mlangoni mwa daladala akidai nauli, kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya wanamuziki themanini na kijiti mkononi, bila kupiga ala hata moja, hapa nitamwita kiongozi wa okestra. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Henry Lewis, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1932 na kufariki New York mwaka 1996. Kila anapotajwa hutajwa kwa neno lilelile: wa kwanza. Mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa kama mpigaji katika okestra kubwa ya Marekani, wa kwanza kukabidhiwa okestra ya hadhi hiyo, wa kwanza kuongoza katika Metropolitan Opera ya New York. Yote ni kweli, na bado naona neno hilo limemfunika mwenyewe. Linatueleza tabia ya nyumba zilizomfungulia mlango. Juu ya uwezo wa aliyeingia halisemi kitu.

Tazama tarehe. Metropolitan Opera ilifunguliwa mwaka 1883. Mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya uhusika jukwaani pale, Marian Anderson, aliingia Januari 1955. Lewis aliongoza La bohème mwaka 1972, yaani miaka 17 baadaye. Kwa nini sauti nyeusi ikubalike mapema hivyo na mkono mweusi uchelewe? Jibu langu ni kwamba mwimbaji hufuata, kiongozi hufuatwa. Kumpigia makofi mtu ni jambo moja, kupokea amri yake ni jingine. Wala haikuwa kwamba viongozi weusi wenye ujuzi walikosekana. Mwaka huohuo wa 1955, Everett Lee aliongoza La traviata katika New York City Opera, mjini humohumo. Dean Dixon, mzaliwa wa New York, alichoka kusubiri akahamia Ulaya mwaka 1949, na baadaye akakabidhiwa okestra za Göteborg, Frankfurt na hata Sydney kule Australia. Basi mwaka 1972 hautuambii lini ustadi uliiva, maana ulikuwa umeiva zamani.

Ustadi wa Lewis ulianzia mahali pasipotazamwa na mtu. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 16, aliajiriwa na Los Angeles Philharmonic kupiga besi, ile fidla kubwa kupita zote inayopigwa kwa kusimama; wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua vizuri. Mpiga besi ni nadra kupewa wimbo wenyewe. Kazi yake ni kubeba: hukaa chini ya wenzake, akiwawekea sakafu na kuhisi wanakotaka kwenda kabla hawajafika. Serge Koussevitzky, aliyeiongoza Boston Symphony kwa robo karne, alianzia kwenye ala hiyohiyo. Na ukitaka kuona kwa nini shule hiyo inamfaa kiongozi wa opera, chukua wimbo wa mhusika Rodolfo katika tendo la kwanza la La bohème. Mwimbaji anaanza karibu na kunong'ona, akirudia noti moja kama mtu anayezungumza. Mtunzi wake, Puccini, anabadili mwendo kila baada ya hatua chache, kisha sauti inapanda hadi noti ya juu kabisa, ambayo mwimbaji huishikilia kadiri pumzi yake inavyomruhusu. Pumzi hiyo haikuandikwa kwenye karatasi. Kiongozi aliye shimoni, chini ya jukwaa, anapaswa kuiona kifuani mwa mwimbaji na kuizuia okestra nzima kwa kifundo cha mkono. Akiwahi, anamkata mwenzake. Akichelewa, muziki unalegea.

Wapo waliosema kwamba Lewis alibebwa na mkewe, mwimbaji maarufu Marilyn Horne, aliyemwoa mwaka 1960. Hoja hiyo inaanguka ukihesabu miaka. Alipoanza kulipwa mshahara na okestra ya Los Angeles ndoa ilikuwa bado miaka 12 mbele, na New Jersey Symphony ilimchukua mwaka 1968, miaka miwili kabla Horne mwenyewe hajakanyaga jukwaa la Metropolitan. Horne hakuficha kwamba Lewis alikuwa mwalimu wake. Kama ni kubebana, walibebana.

New Jersey ndipo ningependa ahukumiwe. Alikuta okestra ya kijamii yenye maonyesho machache, katika jimbo ambalo mji wake mkubwa, Newark, ulikuwa umewaka moto mwaka mmoja tu nyuma. Ghasia za Julai 1967 ziliua watu 26. Hadi anaondoka mwaka 1976, okestra ile ilikuwa inapiga takriban maonyesho 100 kwa mwaka, imefika Carnegie Hall, na imekwenda kupiga kwenye mitaa ambayo watu wake hawakuwa na desturi ya kununua tiketi za muziki wa aina hiyo. Kuongoza usiku mmoja mzuri kunahitaji kipaji. Kuijenga okestra kwa miaka minane kunataka kipaji na ubishi.

Atakuja mtu aseme kwamba neno "wa kwanza" lina faida yake, kwamba kijana mweusi wa Newark alihitaji kumwona mtu kama yeye akishika kijiti kile. Nakubali, na si faida ndogo. Tatizo ni kwamba likishatamkwa watu huridhika, hawaulizi kilichofuata. Kilichofuata ni kwamba baada ya New Jersey, Lewis alizunguka akiongoza kwa mwaliko, na okestra ya kudumu aliyoipata baadaye, kuanzia 1989 hadi 1991, ilikuwa ya redio, Hilversum, nchini Uholanzi. Marekani iliyompamba kwa sifa ya kuwa wa kwanza haikumpa okestra ya pili.

Mwaka 1976 alirekodi Le Prophète ya Meyerbeer na Royal Philharmonic, Horne akiimba kama Fidès. Ni opera ndefu ya matendo matano, na kiongozi dhaifu huzama ndani yake kabla ya tendo la tatu. Rekodi ipo. Anayetaka kumpima Lewis aanze na hiyo.