Umeme wa biashara ndogo (2): Mlaji asiyelala

Wiki iliyopita tuliishia kwenye risiti ya LUKU. Tuliona kwamba duka lililo kwenye kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, bei iliyowekwa mwaka 2016, na kwamba ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, uniti moja inakufikia kwa shilingi 356 hivi. Ndiyo maana elfu kumi huleta uniti 28. Risiti ikikupa pungufu ya hapo, tazama kwanza kama wamekata kodi ya jengo kabla hujagombana na mtu.

Tangu hapo nimesimamishwa njiani mara tatu kwa swali lile lile: "Mwalimu, taa zote nimeweka za LED, mbona elfu kumi haifiki siku ya tatu?"

Haifiki kwa sababu taa hazikuwa mlaji mkuu. Tunazishuku kwa kuwa tunaziona zikiwaka. Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 14 inakula uniti 0.84; LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo inakula 0.13. Ni akiba ya kama shilingi 250 kwa siku kwa kila globu, si haba, na nisingependa kukuta duka bado lina globu ya waya mwaka huu. Lakini ukishazibadilisha zote, hapo umemaliza. Kwenye taa hakuna tena cha kukamua. Mlaji mkuu wa umeme katika biashara ndogo ni joto: kila kifaa kinacholeta joto, na kila kifaa kinacholiondoa. Pasi, birika, drayer na hita ya maji viko upande wa kuleta. Friji na friza viko upande wa kuondoa, maana kazi yake friji ni moja tu, kubeba joto kutoka ndani na kulimwaga nje.

Mmoja wa wale watatu ni mama mwenye fremu ya vinywaji Tabata. Nilipita kwake jioni moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Leo sijaja kunywa soda, tunahesabu."

Mita yake iko ukutani, nyuma ya makreti. Usoni mwa mita za namna hiyo kuna kitaa chekundu kinachokonyeza, na kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake, kitaa kitakonyeza mara 1,000 kwa kila uniti inayoliwa. (Nyingine zimeandikwa 1600 au 800, soma yako kabla ya kupiga hesabu.) Kwa mita ya 1,000, hesabu makonyezo ya dakika moja, zidisha kwa 60, jibu ni wati. Hesabu hiyo haihitaji fundi wala kifaa cha kununua.

Tukazima kila kitu, kitaa kikatulia. Tukawasha taa ya nje peke yake, LED ya wati 9. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa ameshika simu akitazama saa. Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya tatu, kimya. Mteja akaja kununua vocha, akauliza kama umeme umekatika. Ilikaribia dakika ya saba ndipo kitaa kikakonyeza, mara moja tu. Kisha tukawasha birika la kuchemshia chai: makonyezo 33 kwa dakika, kijana akawa anahesabu kama anayefukuzwa. Tukazima birika, tukawasha moja ya mafriji yake mawili ya kioo, tukangoja kompresa ianze kunguruma: makonyezo 6, yaani kama wati 360.

"Kumbe birika ndilo linalonimaliza," akasema mama.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Birika linachemsha dakika tano, linajizima, limekula uniti 0.17, shilingi sitini. Wati ni kasi ya kula tu. Kinachojaza tumbo ni kasi hiyo mara saa. Friji linanguruma, linapumzika, linanguruma tena, mwenye duka yupo au hayupo. Nikamwachia kazi ya nyumbani: aandike uniti zilizobaki anapofunga, aandike tena anapofungua. Hii inafaa hata kwa mwenye mita iliyo juu ya nguzo, ambaye ndani ana rimoti tu.

Kesho yake akanipigia. Saa nne usiku mita ilisoma 41.6. Saa kumi na mbili asubuhi, 37.2. Uniti 4.4 zimeliwa duka likiwa limefungwa kwa kufuli mbili, hakuna hata chupa iliyouzwa. Ni zaidi ya shilingi 1,500 kwa usiku, kama elfu 47 kwa mwezi. Kwa siku nzima alikuwa akila uniti 13, kwa hiyo theluthi moja ya umeme wake ilikuwa inaliwa amelala.

"Mwalimu," akasema, "mwizi yuko ndani."

Sasa tumwangalie mwizi mwenyewe. Chukua kreti moja ya soda, chupa 24 za mililita 350. Kuitoa kwenye joto la fremu la nyuzi 30 hadi nyuzi 5, pamoja na vioo vyenyewe, unatakiwa kuondoa joto la karibu uniti 0.3. Na kwa kuwa kompresa hubeba joto jingi kuliko umeme inaoutumia, mita yako itaona kama nusu ya hapo. Kreti nzima kwa shilingi hamsini na kitu. Chupa moja, shilingi mbili. Mama huyu akiuza kreti nane kwa siku, kuzipoza zote hakumalizi hata uniti moja na nusu kati ya zile 13. Kuipoza soda ni rahisi sana. Gharama iko kwenye kuilinda isipate joto tena, dakika baada ya dakika, ndani ya kabati ambalo joto linaliingia kila upande.

Linaingilia wapi? Kwanza, mpira wa mlango. Chukua noti, ibane kwenye mlango wa friji, kisha ivute. Ikikataa kidogo, mpira ni mzima. Ikitoka bila kuhisi chochote, hapo ndipo hewa ya fremu inapopita usiku kucha. Izungushe noti pande zote nne, kwa maana mpira huanza kulegea upande wa bawaba na kwenye kona za chini. Wakati mwingine ni uchafu wa soda iliyomwagika. Maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa vinatosha.

Pili, barafu. Nimewahi kuona mfanyabiashara akimwonyesha mwenzake friza yake kwa fahari: "Hii inagandisha, tazama kuta zilivyo." Kuta zilikuwa na barafu ya unene wa kiganja. Ile si nguvu ya friza, ni blanketi. Barafu hupitisha joto karibu mara mia pungufu ya aluminiamu, kwa hiyo kompresa inafanya kazi ya kupoza barafu huku nyama iliyo katikati ikisubiri. Ikifika unene wa kidole, zima, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Na tafadhali, si kwa kisu. Nilifundisha ufundi umeme miaka mingi na sina hesabu ya friza nilizoziona zimekufa kwa kisu cha jikoni: tundu dogo kama la sindano, gesi yote imetoka. Halafu anakuja fundi wa mtaani anaongeza gesi aliyo nayo mfukoni, siyo iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, na friza haiwi yenyewe tena. Mafriji mengi ya sasa yanatumia R600a, gesi inayowaka moto. Huyo wa kuchanganya usimruhusu aiguse.

Tatu, mgongo. Joto lote lililotolewa ndani linamwagwa nyuma au chini ya friji, kwenye zile bomba nyembamba. Zikiwa zimefunikwa na vumbi, au friji limesukumwa hadi ukutani ili kupata nafasi ya makreti, joto linakosa pa kwenda. Mafundi wa baridi wanakadiria kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye bomba hizo huongeza ulaji kwa asilimia 2 hadi 4. La mama wa Tabata lilikuwa limebanwa kati ya ukuta na lundo la makreti, na juu yake amepanga maboksi ya biskuti. Tulipolivuta, vumbi lililotoka lingejaza debe. Barabarani hali ni mbaya zaidi: friji la kioo limewekwa barazani kuelekea magharibi, jua la saa tisa linapiga moja kwa moja kwenye soda. Linauza, nakubali, mpita njia analiona. Basi lipate angalau turubai.

Halafu kuna imani moja iliyonisumbua maisha yangu yote ya kufundisha: kwamba ukilizima friji usiku na kuliwasha asubuhi, linakula zaidi kuliko ungeliacha. Fikiria ndoo iliyotoboka chini. Ikijaa, maji yanatoka kwa kasi. Yakipungua, yanatoka kidogo kidogo. Ukikesha unaijaza ili isishuke, utamwaga maji mengi kuliko ukilala na kujazia asubuhi yale tu yaliyopungua. Friji liko hivyo hivyo. Kadiri ndani kunavyokuwa baridi, joto linaingia kwa kasi zaidi. Kadiri ndani kunavyopata joto, kasi inapungua. Kuwasha asubuhi kutakula, ndiyo, lakini hakutafikia kile ambacho usiku mzima ungekula.

Hili si la kila friji. Maziwa, mtindi, nyama na samaki visiguswe, na friza yake mama, yenye samaki wa jirani, tuliiacha ilivyo. Lakini soda na maji ya chupa haviozi. Mama alinunua swichi mbili za saa, zile zinazobeba ampea 16, akazipanga zizime saa tano usiku na kuwasha saa kumi na moja alfajiri. Wateja wake wa kwanza wa kitu cha baridi hawaji kabla ya saa tatu. Ukitumia mkono badala ya swichi ya saa, usizime na kuwasha papo hapo. Kompresa inahitaji dakika tatu hadi tano kupumua, na ndiyo sababu umeme unaokatika na kurudi ghafla unaua mafriji mengi.

Baada ya mpira mpya kwenye friji moja, kusogeza yote mawili kutoka ukutani, kupiga brashi mgongoni na hizo swichi, siku yake ilishuka kutoka uniti 13 hadi kama 10. Ni elfu thelathini hivi kwa mwezi. Wapo wanaouliza kwa nini nisiseme wanunue sola. Nitasema, lakini sola ya kulisha friji linalovuja ni sola kubwa kuliko unayoihitaji.

Kuna mambo mawili nataka niyataje haraka. La kwanza ni friji la mtumba. Likikuzidishia uniti mbili tu kwa siku kulinganisha na jipya la kompresa ya inverter, kwa mwaka umelipa laki mbili na elfu sitini juu ya bei uliyodhani ni nafuu. La pili ni fremu nne zenye mita moja, mnachangia sawasawa: fundi cherehani analipia friji la jirani na wote wanajua. Wekeni mita ndogo kwa kila fremu, muache kununiana. Ndugu zangu wa saluni mna zamu yenu pamoja na mashine za kusaga wiki ijayo, ila anzeni na hili: kukausha lita moja ya maji kwa joto kunataka zaidi ya nusu uniti, na taulo haina LUKU. Nywele zikamuliwe vizuri kabla hazijaingia kwenye drayer.

Nirudi Tabata, kwa sababu kisa hakijaisha. Mafriji yale mawili ya kioo si yake. Kampuni mbili za vinywaji zimemkopesha, kila moja kwa sharti kwamba ndani yake kiwekwe kinywaji chake tu. Watu husema friji la bure. Friji ni la bure, lakini umeme ni wa mwenye duka, na mkataba ukiusoma utaona matengenezo ni ya kampuni, kwa hiyo ule mpira mama hakuununua. Alipiga simu mara nne hadi ukaletwa. Shida iliyobaki ni kwamba Juni na Julai, Dar ikipoa, kila friji linabaki nusu tupu, na hawezi kuhamishia soda za huyu kwenye friji la yule.

Miezi hiyo, ukiingia dukani kwake ukaomba soda, utaulizwa, "Ya baridi au ya moto?" na wateja wake wengi, hasa wazee na wenye mafua, wanataka ya moto. Kwa hiyo friji linalouza kidogo alilizima kabisa, akalisafisha, akazipanga soda humo humo vizuri, vibandiko vikitazama mbele, na mlango ameuegesha kwa kipande cha boksi ili lisinuke. Wakala wa kampuni alipopita na kugusa kioo, akashangaa.

"Mama, mbona friji letu limezimwa?"

"Soda zako si zimo, mwanangu? Hizo ndizo za moto. Njoo Oktoba uzikute baridi."