Obokano si 'gita la Kikisii': Majina ya sehemu za ala yana kazi

Kila msimu wa tamasha za muziki za shule unapowadia, hakosi mtangazaji wa kuwaambia watu kwamba mwanafunzi fulani kutoka Kisii au Nyamira anapanda jukwaani na "gita la Kikisii". Anachobeba mwanafunzi huyo ni obokano. Watu hushangilia, ala hupigwa, na mambo huishia hapo. Mimi lakini hubaki na swali: ikiwa lile ni gita, shingo yake iko wapi?

Swali hili si la mzaha. Majina ya sehemu za ala ya muziki hayakubandikwa kiholela. Kila jina hueleza kazi, na anayelijua jina anakuwa amekwisha kujua nusu ya namna ala inavyotoa sauti. Tuanze basi na gita lenyewe, ambalo wengine huliandika gitaa.

Kiswahili kimelitazama gita kama mwili wa mtu. Lina kichwa, shingo na tumbo. Kichwani mna vigingi, yaani vile vitu vinavyozungushwa ili kukaza au kulegeza nyuzi. Shingoni mna ubao wa vidole, na juu ya ubao huo vimepachikwa vyuma vyembamba vilivyokingama, viitwavyo freti. Tumbo ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani, na usoni mwake pana tundu la sauti. Chini ya tundu hilo lipo daraja, mahali ambapo nyuzi hushikizwa.

Neno daraja limefaa sana hapa. Uzi ukicharazwa peke yake hewani, sauti yake ni hafifu mno. Daraja huuvusha mtikisiko wa uzi hadi kwenye uso wa tumbo, nao uso ule mpana huisukuma hewa kwa nguvu mpaka aliye nyuma ya ukumbi akasikia.

Sasa tuje kwenye nyuzi, maana hapa ndipo ndimi huteleza. Utasikia mtu dukani akisema, "Boss, nipe kamba ya gita," na mwingine, "Niuzie waya." Kamba ni ya kufungia mbuzi. Istilahi inayofaa ni uzi, wingi wake nyuzi: uzi umekatika, nyuzi zimekatika. Waya nao ni chuma, na kosa hili laweza kumgharimu mtu fedha. Yako magita yaliyotengenezewa nyuzi za nailoni. Ukiomba "waya" utapewa nyuzi za chuma, ambazo huvuta kwa nguvu kubwa zaidi. Ukizifunga kwenye gita la nailoni, shingo yaweza kupinda au daraja likang'oka.

Hesabu ya nyuzi pia ina utaratibu wake. Gita la kawaida lina nyuzi 6. Anayelipakata huona uzi mnene ukiwa juu, karibu na macho yake, akadhani huo ndio wa kwanza. Sivyo. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kabisa, ulio chini. Mnene ndio wa 6. Asiyejua hili atarudi nyumbani Keroka au Nyamira na uzi asiouhitaji.

Yapo pia majina ambayo si ya sehemu bali ni ya majukumu katika bendi: gita la solo, la ridhimu na la besi. La solo huimbiana na mwimbaji, la ridhimu hushikilia mapigo, na la besi, ambalo aghalabu huwa na nyuzi 4, hubeba sauti nzito za chini. Anayezisikiliza nyimbo za Ekegusii za marehemu Christopher Monyoncho na bendi yake ya Isinta hatapata taabu kuutambua mgawo huo wa kazi.

Turudi sasa kwenye shingo. Kazi yake kubwa ni kumwezesha mpigaji kuufupisha uzi kwa kidole. Uzi ukifupishwa, kidatu hupanda. Ukibonyeza kwenye freti ya 12 unakuwa umeukata urefu wake nusu, na utasikia sauti ile ile ikiwa imepanda oktavu moja. Kwa hiyo uzi mmoja wa gita hutoa sauti nyingi, moja kwa kila freti.

Obokano haifanyi hivyo. Ina nyuzi 8, na kila uzi una sauti yake moja. Mpigaji haufupishi uzi. Huuacha uliye uchache wake na kuupokezea mwenzake. Ndiyo maana haina shingo, haina ubao wa vidole, wala haina freti. Iliyo nayo ni bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inayochomoza kutoka kwenye bakuli hilo, na mti unaokingama kuiunganisha mikono hiyo kwa juu. Nyuzi hutoka chini kwenye bakuli na kufungwa kwenye mti huo, na huko juu ndiko hukazwa. Zamani zilitokana na mishipa ya ng'ombe. Siku hizi nailoni imechukua nafasi hiyo.

Mti ule wa juu tuuiteje kwa Kiswahili? Wataalamu Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walioainisha ala za muziki mwaka wa 1914, waliliweka kundi la ala za aina hii chini ya jina linalotokana na nira. Kiswahili nacho kina neno nira, ule mti wa kuwafunga ng'ombe wawili walimapo. Mikono miwili, mti mmoja juu yake: mkulima yeyote ataelewa mara moja.

Basi ala yenyewe ni ya jamii gani? Iko pamoja na nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Neno la Kiswahili lililo karibu nayo ni kinubi, lile ambalo wasomaji wa Biblia hulihusisha na Daudi. Tena katika jamii hiyo obokano ni jitu: sauti yake ni nzito na yenye mvumo, hata wapo walioiita besi ya Afrika Mashariki.

Nini tunachopoteza tukiiita gita? Mwanafunzi anayeambiwa kwamba obokano ni gita ataitafuta shingo, asiione, na atahitimisha kwamba ala ya babu yake ni gita lisilokamilika. Kumbe ni ala kamili ya jamii nyingine, yenye mantiki yake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini atatunzwaje ikiwa wanaomtangaza hawajui alichobeba?

Ombi langu kwa walimu wa Kisii na Nyamira ni jepesi. Waalikeni wapiga obokano darasani, mwambie mwanafunzi aguse kila sehemu na kuuliza jina lake kwa Ekegusii, kisha aliandike kando ya lile la Kiswahili. Majina ya gita yamo vitabuni, hayataenda popote. Ya obokano, mengi yamo vinywani mwa wazee.