MUTOTO NA CHUKUDU: AJIFUNZE NAMNA GANI BILA KUVUNJIKA?



Kama unakaa Goma, Sake, Kibumba ao kandokando yao, unajua chukudu. Unaiona kila asubuhi. Baba amepiga goti moja juu ya mbao, muguu mwingine unasukuma chini, na mbele yake kuko magunia ya viazi, makabichi ao makala. Chukudu moja kubwa inabeba mamia ya kilo, na hainywi mafuta hata kidogo. Jamaa nyingi zinakula na kulipa masomo ya watoto kwa kazi yake. Hata katika muji wa Goma walisimamisha sanamu kubwa ya mutu wa chukudu, ili kumuheshimu.

Basi si ajabu kama mutoto wako naye anataka yake. Anaokota mbao, anapigilia misumari, na chukudu ndogo iko tayari. Kwanza anasukuma tu. Kisha anatelemuka mulima. Nyuma ya siku chache anaanza michezo: anasimama na muguu moja, anainua gurudumu la mbele, anaruka juu ya jiwe, ili rafiki zake wapige kelele.

Wewe mama unaogopa. Pengine ulimupiga, ao ulitia chukudu yake ndani ya moto. Lakini kesho yake aliazima ile ya rafiki, akaenda kucheza mahali ambapo huwezi kumuona. Woga wako uko na sababu, lakini kukataza tu hakumulindi mutoto. Yule anayejifunza kwa utaratibu ataanguka pia, lakini ataanguka polepole, na karibu na nyumbani. Soma maneno haya, kisha umuite mutoto musome pamoja.

1. TAZAMA KWANZA CHUKUDU YENYEWE

Usingoje aanguke ndipo uitazame. Ishike kwa mikono yako.

Usukani: Ncha mbili za usukani zisiwe kali. Zikatwe ziwe za mviringo, kisha zifungwe kwa mupira wa zamani ao kitambaa kinene. Usidharau neno hili. Utaona sababu yake hapa chini, tutakapozungumuza juu ya tumbo.

Magurudumu: Yazungushe. Kama yanayumba, ao unaona musumari unatoka inje ya mupira, chukudu isitembee mbele ya kutengenezwa.

Mbao ya goti: Iwekwe kitu laini, kwa mufano vipande vya kandambili za zamani.

Breki: Watu wa kazi wanafunga kipande cha mupira wa gari karibu na gurudumu la nyuma, na wanakikanyaga ili kusimama. Chukudu ya mutoto nayo iwe nacho. Chukudu isiyo na breki ni ya mahali palipo sawa tu, isiende kwenye mulima.

Ukubwa: Chukudu ya baba si ya mutoto. Mbao yake ni nzito, na ikimuangukia inaweza kuvunja muguu. Kama mutoto hawezi kuiinua mwenyewe kutoka chini, ni kubwa kwake.

2. MAHALI NA MAVAZI

Mahali pazuri ni kiwanja cha mupira ao uwanja wa masomo, penye udongo mugumu. Mawe meusi ya volkano yanakata ngozi kama chupa. Barabara kubwa ni ya kamioni na pikipiki, na dereva wa kamioni hawezi kumuona mutoto aliyepiga goti chini.

Avae viatu vya kufunga. Mutoto asiyevaa kiatu anasimamisha chukudu kwa vidole, na kucha zinatoka. Msichana naye anaweza kucheza, lakini si na kikwembe kirefu kinachoingia ndani ya gurudumu, avae suruali. Kama unapata kofia ngumu ya kichwa, iwe ya kipimo chake na ifungwe chini ya kidevu. Kofia ya pikipiki ya baba inayochezacheza juu ya kichwa haimusaidii. Mutoto asiye na kofia asitelemuke mulima na asiruke.

3. HATUA ZA KUJIFUNZA

Asipite hatua moja mbele ya kuifanya mara 10 bila kuanguka.

Hatua ya 1: Atembee kando ya chukudu akishika usukani kwa mikono mbili, aone namna inavyogeuka.

Hatua ya 2: Apige goti, asukume mara moja, aiache iende mpaka isimame yenyewe. Macho yatazame mbele, si gurudumu.

Hatua ya 3: Ajifunze kusimama. Chora alama chini kwa kijiti, umuambie asimame mbele ya kuivuka. Watoto wengi wanajifunza mbio kwanza na kusimama mwisho, na ndiyo maana wanavunjika.

Hatua ya 4: Ajifunze kuanguka. Chukudu ikikataa, aiache iende, asiifuate. Asinyooshe mukono mugumu ili kujizuia, maana mara nyingi ni mukono ule unaovunjika. Apinde viwiko, ajikunje, ajiviringishe kwa upande wa bega. Afanye hivi kwanza juu ya majani, bila chukudu.

Hatua ya 5: Ageuke kushoto na kuume, polepole, akizunguka mawe mawili yaliyowekwa mbalimbali.

Hatua ya 6: Kilima kidogo, kifupi, chenye mahali pa sawa chini yake. Mutu mukubwa asimame pale chini.

Mbele ya hatua hizi 6 hakuna michezo. Kisha aanze na ule wa chini kabisa: kusimama wima juu ya mbao, magoti yamepindwa kidogo, chukudu ikienda polepole mahali pa sawa. Nyuma yake, ainue gurudumu la mbele kidogo tu, urefu wa kidole, mikono yote miwili ikishika. Kuruka kunakuja mwisho, juu ya kijiti chembamba kilicholazwa chini, si juu ya jiwe. Akijua kijiti, ndipo aongeze kidogo. Watoto wawili juu ya chukudu moja, kuachilia usukani, ao kushika kamioni ili imuvute: mambo haya matatu ni hapana, hata kwa fundi.

4. AKIANGUKA

Kidonda: Osha kwa maji safi mengi na sabuni, ondoa muchanga wote, funika kwa kitambaa safi. Usitie majivu, mavi ya ngombe, unga wa pile ao majani yaliyotafunwa. Vitu hivi vinaweza kuleta pepopunda, ile tunaita tetanosi. Chanjo ambazo mutoto alipewa akiwa na wiki 6, 10 na 14 zilimulinda, lakini nguvu yake inapunguka kwa miaka. Kama kidonda ni kirefu ndani ao kiko na uchafu, mulete kwa dispanseri pamoja na kadi yake.

Mufupa: Kama mukono umepindika, umevimba ao hawezi kuutumia, usivute na usikande. Weka mbao nyembamba mbili ao gazeti lililokunjwa, funga polepole, mulete. Wako watu wanaofunga kwa nguvu sana kwa vijiti na kamba. Vidole vikiwa baridi, vyeusi ao vimekufa ganzi, damu haipiti: legeza kamba mara moja na uje. Watoto wengine wanapoteza mukono kwa sababu ya kamba, si kwa sababu ya mufupa.

Kichwa: Mulete mbio kama alizimia, anatapika mara nyingi, analala na kuamuka kwake ni kwa shida, anazungumuza ovyo, anashikwa na degedege, mboni za macho hazilingani, ao maji ama damu inatoka kwa sikio ao pua. Kama shingo inamuuma, mulaze juu ya mbao, wawili ao watatu wamubebe bila kupinda shingo. Asibebwe mugongoni.

Tumbo: Hapa ndipo wamama wengi wanadanganyika. Mutoto anaanguka saa 10 ya jioni. Ncha ya usukani inamupiga chini ya mbavu za kushoto. Analia kidogo, anainuka, anacheza tena. Damu haiko, kuko tu alama ndogo ya duara juu ya ngozi. Usiku anakataa kula, anasema: «Mama, bega ya kushoto inaniuma.» Mama anajibu: «Lala, kesho utaamuka muzuri.»

Lakini nyuma ya mbavu zile kuko bandama, wengine wanasema wengu. Kwa mutoto aliyeugua malaria mara nyingi, bandama inavimba na kulegea, na pigo dogo linaweza kuipasua. Damu inatoka ndani, hakuna mutu anayeiona. Bega inauma kwa sababu damu ile inachokoza sehemu iliyo juu ya tumbo. Kisha anakuwa mweupe kinywani, jasho baridi linatoka, moyo unapiga mbio, tumbo linakuwa gumu. Mutoto wa namna hii hangoji asubuhi. Usimupe chakula wala kinywaji, maana pengine atapasuliwa. Usimukande tumbo. Umubebe usiku uleule, na ukifika useme waziwazi: «Usukani wa chukudu ulimupiga tumbo.» Neno hilo moja linamuonyesha munganga mahali pa kutafuta.

Na sasa unajua sababu ya kufunga mupira kwenye ncha za usukani.

Mama, mutoto anayeogopa kupigwa anaficha pigo. Umuambie leo, mbele ya kuanguka: «Ukiumia, njoo kwangu kwanza, sitakupiga.» Maneno hayo hayauzwi, lakini yanaweza kumuponyesha.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NA WAMAMA WENZAKO
1. Katika kartie yetu, watoto wanacheza wapi? Kuko kamioni pale?
2. Kwa nini mutoto ajifunze kusimama mbele ya kujifunza mbio?
3. Mutoto amepigwa tumbo, lakini anasema: «Niko muzima.» Utatazama nini usiku ule?