Kitanzi kisubiri uchunguzi

Mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeweka adhabu moja tu: kunyongwa hadi kufa. Mke aliyepigwa miaka mingi hadi akaua, na jambazi aliyemvizia mwenye duka usiku, wote jaji huwasomea maneno yale yale. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kuwa ulazima huo unakiuka haki ya kuishi.

Hata hivyo, tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Hayati Rais Magufuli alitamka hadharani mwaka 2017 kwamba hatatia saini hati ya kumnyonga mtu. Tunashukuru, lakini msimamo wa rais si sheria. Mwingine akiamua kusaini, kalamu yake inatosha.

Wapo wanaouliza: na damu ya ndugu yetu je? Swali hilo ni la haki, na muuaji lazima aadhibiwe. Lakini kama kitanzi kweli kinazuia mauaji, na tuoneshwe ushahidi. Kenya ilipowabadilishia adhabu zaidi ya wafungwa 4,000 kuwa kifungo cha maisha mwaka 2009, Rais Kibaki aliagiza utafiti ufanyike kujua kama adhabu hiyo inasaidia kupambana na uhalifu.

Huko Illinois, Marekani, Gavana George Ryan alikuwa muumini wa adhabu ya kifo. Akagundua kwamba tangu 1977 jimbo lake lilikuwa limewaua wafungwa 12, huku 13 waliokuwa wakisubiri kuuawa wakiachiwa baada ya hukumu zao kutenguliwa. Januari 2000 akasimamisha utekelezaji na kuunda tume. Mwaka 2011 jimbo liliifuta kabisa adhabu hiyo.

Nasi tuna miaka mingi bila kunyonga. Takwimu za polisi na majalada ya mahakama yapo. Bunge lisitishe unyongaji kisheria, kisha tume huru ichunguze: mauaji yaliongezeka baada ya 1994? Ni maskini wangapi walihukumiwa bila utetezi wa maana? Familia za waliouawa zilipata msaada gani?

Mahakama ya Rufani inaweza kumfungulia mfungwa asiye na hatia. Aliyekwisha kunyongwa haiwezi kumrudisha. Waheshimiwa wabunge, lileteni jambo hili bungeni.